Mantra ilipoingia maabara

Mwaka wa masomo wa 1975/76, wanafunzi wa shule tano za sekondari katika jimbo la New Jersey, Marekani, walipewa somo jipya la hiari. Lilikuwa na kitabu chake, na walimu wake waliofunzwa maalumu, na jina lililoanza na neno zito: Sayansi ya Akili Bunifu. Siku za juma lilifundishwa darasani kama linavyofundishwa somo la bayolojia. Kisha ikaja Jumapili. Mwanafunzi aliambiwa afike mahali nje ya shule akiwa na matunda, maua na kitambaa cha mkononi. Mbele yake palikuwa na meza, na juu ya meza picha ya mwalimu wa Kihindu aliyekwisha kufariki, mshumaa na udi. Mwalimu akaimba kwa Kisanskriti, lugha ambayo mtoto yule hakuijua, akatoa sadaka mbele ya picha. Mwanafunzi akapewa neno lake, mantra, na kuahidi kutomwambia mtu yeyote.

Lilikuwa somo au ilikuwa ibada? Walioendesha mafunzo, watu wa harakati iitwayo Transcendental Meditation, walijibu kwamba ile ilikuwa sherehe ya shukrani tu kwa walimu waliotangulia, na kwamba wanachofundisha ni mbinu ya kutuliza akili iliyokwisha kupimwa na wanasayansi. Wazazi, pamoja na vikundi vya kutetea utengano wa dini na serikali, hawakuridhika, wakaenda mahakamani. Hukumu ilitoka 1977, na mahakama ya rufaa ikaiunga mkono 1979. Nitairudia. Kwanza tuelewe ilikuwaje neno moja la siri likawa ibada Jumapili na sayansi Jumatatu.

Mwaka 1983 mwanasosholojia Thomas Gieryn aliandika kuhusu kile alichokiita kazi ya kuchora mipaka. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mpaka kati ya sayansi na visivyo sayansi haukukatwa na maumbile kama Mto Ruvuma. Watu ndio huuchora, na huuchora upya kila panapokuwa na kitu cha kugombania: fedha za utafiti, nafasi shuleni, heshima ya kuaminiwa. Wanasayansi huuchora ili kuwatoa nje wasiowataka. Harakati za kiroho nazo huuchora kwa namna yao, mara zikitaka kuwa ndani, mara zikitaka kuwa nje. Katika zote ninazozifahamu, hakuna inayoonyesha jambo hili waziwazi kama Transcendental Meditation, au TM kama inavyoitwa kwa kifupi, kwa sababu hiyo imebisha hodi kwenye milango yote: maabara, hospitali, shule, mahakama, hata ikulu.

Mwanzilishi wake, Maharishi Mahesh Yogi, alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Allahabad kabla ya kwenda kumtumikia Swami Brahmananda Saraswati, Shankaracharya wa Jyotir Math, mmoja wa viongozi wakubwa wa dini kaskazini mwa India. Huyo ndiye mwenye picha iliyowekwa mezani kule New Jersey. Alipofariki mwaka 1953, mwanafunzi wake alikaa faragha kwa muda, kisha akaanza kuzunguka akifundisha taamuli, yaani meditesheni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliipa kazi yake jina linaloweza kutafsiriwa kama Harakati ya Kuhuisha Roho. Mwaka 1959 alifika Marekani. Mwaka 1967 Beatles walimsikiliza, na mwaka uliofuata wakamfuata Rishikesh, kando ya mto Ganges, na dunia nzima ikalijua jina lake.

Angalia sasa majina yanavyobadilika. Harakati iliyoanza na neno roho, kufikia 1972 ilikuwa ikitangaza Sayansi ya Akili Bunifu, na ikaanzisha chuo kikuu chake, ambacho mwaka 1974 kilihamia mji mdogo wa Fairfield, jimbo la Iowa. Matunda, maua na wimbo wa Kisanskriti havikubadilika. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

Wapo wanaosema huo ulikuwa ujanja wa biashara. Mimi sioni hivyo, au tuseme sioni kwamba hilo linatosha. Neno veda lenyewe maana yake ni elimu. Kwa Maharishi, wahenga wa India walikuwa wameuchunguza ulimwengu kwa kuingia ndani ya nafsi, na wanafizikia wa Ulaya walikuwa wakiuchunguza kwa kutoka nje; wote wangekutana mahali pamoja. Kwa mtu anayeamini hivyo hakuna mpaka wa kuvuka. Anachohitaji ni vipimo vitakavyowaonyesha wengine kile ambacho yeye anakijua tayari. Na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu maabara si mahali pa kuthibitisha unachokijua tayari.

Mtu wa kwanza kuleta vipimo hivyo alikuwa Robert Keith Wallace, aliyefanya utafiti wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Makala yake ilitoka katika jarida la Science mwaka 1970. Aliwaweka watu vitini, akawafunga vifaa, akawaacha wafanye taamuli yao ya kawaida, ambayo ni kukaa umefumba macho dakika ishirini hivi, asubuhi na jioni, ukilirudia neno lako kimoyomoyo bila kulazimisha. Aliona matumizi ya oksijeni yakishuka, mapigo ya moyo yakipungua, na mawimbi ya ubongo yakibadilika. Baadaye alishirikiana na Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard ambaye hadi wakati huo alikuwa akichunguza presha kwa kutumia kima. Mwaka 1972 wawili hao walieleza matokeo yao katika Scientific American, na kuanzia hapo TM ikawa na kitu ambacho harakati nyingi za kiroho hazikuwa nacho: chati, namba, na majina ya vyuo vikuu.

Halafu wenzi hawa wakaachana njia, na sehemu hii ya habari ndiyo inayonivutia kuliko zote. Wallace alikuwa rais wa kwanza wa chuo kikuu cha Maharishi. Benson yeye alijiuliza swali la kawaida la mwanasayansi: je, ni lile neno la siri linalofanya kazi, au ni kukaa kimya? Akajaribu bila mantra, bila picha, bila udi. Akawaambia watu wakae pahali patulivu, walegeze misuli, wapumue, na kila wanapotoa pumzi waseme moyoni “one”, yaani moja. Mwili ukaitikia vilevile. Kitabu chake cha 1975 kiliwaeleza wasomaji kwamba utulivu huu unapatikana kwa neno lolote, na kwamba sala fupi za dini mbalimbali zinazorudiwarudiwa zimekuwa zikiwaletea watu hali hiyo kwa karne nyingi.

Kwa hospitali, hiyo ilikuwa habari njema: tiba isiyo na gharama. Kwa TM lilikuwa pigo, kwani kama neno “moja” linatosha, mwalimu na wimbo wa Kisanskriti ni vya nini? Walishikilia kwamba mantra zao ni za pekee, na kwamba mbinu isiyofundishwa kwa njia yao si mbinu ile. Hapo utaona gharama ya kuingia maabara. Ukiileta imani yako ipimwe, mpimaji ana haki ya kuivunja vipandevipande ili aone ni kipi kinachobeba mzigo.

Nisimame kidogo kueleza kundi la ulinganisho, maana mabishano mengi ya sayansi na roho huishia hapa. Ukimpima mtu presha kabla ya taamuli na baada yake, ukaona imeshuka, hujajua bado kilichoishusha. Kukaa tu kungeweza. Kutarajia nafuu pia kungeweza, na hata kuzoea mashine yenyewe. Kwa hiyo unahitaji kundi la pili la watu wanaokaa muda uleule, pahali palepale, wakifanya kitu kingine, na watu wagawanywe katika makundi hayo kwa kura, wasijichagulie. Mwaka 1976 jarida lilelile la Science lilichapisha utafiti uliowapima watu watano wazoefu wa TM, na ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya muda wao wa taamuli walikuwa usingizini, kwa maana halisi ya vipimo vya ubongo. Mwaka 1984 mwanasaikolojia David Holmes alipitia tafiti zilizokuwapo akahitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa taamuli hutuliza mwili kuliko kupumzika kwa kawaida.

Lakini haki itendeke pande zote. Mwaka 2013 Shirika la Moyo la Marekani lilipitia njia za kushusha presha zisizo dawa wala lishe, likasema TM inaweza kufikiriwa kama nyongeza ya matibabu. Lilikuwa pendekezo la daraja hafifu, lenye tahadhari nyingi, ila kwa aina nyingine za taamuli shirika hilo liliona hata ushahidi wa kiwango hicho haupo. Kwa hiyo dai dogo, kwamba kukaa hivi mara mbili kwa siku huenda kukapunguza presha kidogo, ni dai la sayansi linalojadiliwa kisayansi. Halina haja ya kuchekwa.

Shida ni kile kilichofungwa nyuma ya dai hilo dogo.

Katikati ya miaka ya 1970 harakati ilianza kutangaza kwamba asilimia moja ya wakazi wa mji wakifanya TM, uhalifu wa mji mzima hupungua, hata kwa wale wasiojua kwamba kuna mtu anafanya taamuli. Kisha, baada ya kuanzishwa kwa mbinu za juu zaidi mwaka 1976, hesabu ikapungua: ilitosha kipeuo cha pili cha hiyo asilimia moja, mradi wawe wamekaa pamoja. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Asilimia moja ni watu 53,837. Kipeuo cha pili chake ni 232. Ukumbi mmoja wa harusi ungewatosha, na viti vikabaki. Kwa dunia nzima ya mwaka 1983 walihitajika kama watu 7,000, na idadi ya namna hiyo kweli ilikusanywa Fairfield mwishoni mwa mwaka huo.

Kipeuo cha pili kimetoka wapi? Kimeazimwa kutoka leza. Katika taa ya kawaida kila atomu hutoa mwanga kwa wakati wake, hivyo vyanzo kumi hutoa mwangaza mara kumi. Katika leza mawimbi hutembea kwa mpigo mmoja, kama wavuvi wanaovuta jarife kwa wimbo mmoja, na mawimbi kumi yaliyolingana hutoa nguvu mara mia. Ukikubali kwamba akili za watu 232 zinaweza kulingana hivyo, 232 mara 232 ni karibu 54,000, na hesabu inafunga vizuri sana. Hesabu ni sahihi. Fizikia ya leza ni sahihi. Kinachokosekana ni kile kiungo cha katikati: hakuna aliyewahi kupima wimbi lolote linalotoka kwa mtu aliyefumba macho likaenda kumtuliza mwizi wa mtaa wa pili. Mfano umekaa mahali pa ushahidi, na msomaji ambaye amekwisha kuona chati za Wallace haoni pale mshono ulipo.

Hivi ndivyo mkopo unavyofanya kazi. Dai dogo lenye ushahidi kiasi linawekwa kama dhamana, na kwa dhamana hiyo linakopwa dai kubwa lisilo na chochote.

Jaribio lao kubwa lilifanyika Washington kuanzia 7 Juni hadi 30 Julai 1993. Watu wapatao 4,000 walikusanyika kufanya taamuli katika jiji lililokuwa likisumbuliwa na mauaji. Aliyeongoza mradi, John Hagelin, si mbabaishaji wa mitaani: ana udaktari wa fizikia kutoka Harvard na alifanya kazi CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya. Taarifa ya mwisho ilisema uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua kwa takriban asilimia 23. Swali la kuuliza ni: ulipungua kutoka wapi? Ulipungua kulinganisha na idadi ambayo modeli ya watafiti ilitabiri kwamba ingetokea. Jiji lenyewe lilirekodi mauaji 454 mwaka ule, wakati mwaka uliotangulia yalikuwa 443. Takwimu ya mwaka mzima haiwezi peke yake kuhukumu wiki nane, ila inatufanya tuone udhaifu wa hoja. Matokeo yangekuwaje ndipo wakubali kwamba wameshindwa? Uhalifu ukipungua, taamuli imefanya kazi. Ukiongezeka, ungeongezeka zaidi bila taamuli. Mwaka uliofuata Hagelin alipewa tuzo ya dhihaka ya Ig Nobel kwa upande wa amani, jambo ambalo kwa maoni yangu halikusaidia mtu, kwani kejeli haimwonyeshi msomaji kosa lilipo.

Habari hii ilifika pia kwa majirani zetu. Joaquim Chissano, aliyekuwa rais wa Msumbiji, yule aliyekaa Tanzania enzi za mapambano ya FRELIMO na ambaye mwaka 2004 alihutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, alijifunza TM mwaka 1992. Akaifundisha familia yake, akaipeleka kwa mawaziri, na hatimaye kwa wanajeshi na polisi. Alisema hadharani, si mara moja, kwamba taamuli ilichangia amani ya nchi yake, hata kurudi kwa mvua.

Sina sababu ya kutilia shaka kwamba Chissano mwenyewe alipata utulivu. Mtu anayemaliza vita ya miaka kumi na sita anauhitaji. Ila mazungumzo na waasi wa Renamo yalianza Roma mwaka 1990, chini ya usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, kabla rais hajafunzwa mantra. Umoja wa Kisovieti ulivunjika 1991. Afrika Kusini ya ubaguzi, mfadhili wa muda mrefu wa Renamo, ilikuwa ikijiondoa kwenye vita za majirani. Ukame mkali wa 1991 na 1992 uliwaacha wapiganaji wa pande zote bila chakula. Mkataba ulitiwa saini 4 Oktoba 1992, kisha wakaja askari wa Umoja wa Mataifa. Kila moja ya hayo lina njia inayoonekana ya kuzima bunduki. Ukiyaondoa yote ukabakiza taamuli, unawanyang'anya watu waliokaa mezani Roma kwa zaidi ya miaka miwili kazi yao.

Kuna hatua moja zaidi, na ndiyo ya juu kabisa. Fizikia imekuwa ikitafuta namna ya kuziunganisha kani za asili katika nadharia moja. Hagelin, aliyeandika makala za kweli katika utafiti huo, alisema kwamba uga wa msingi, yaani chimbuko moja la kani zote, unaotafutwa na wanafizikia ni kitu kilekile ambacho mtu hukutana nacho katika kina cha taamuli: fahamu safi. Kwa hiyo kufumba macho ni aina ya fizikia.

Hapa nakumbuka mtu mwingine aliyeshughulikia swali lilelile la kuunganisha kani. Abdus Salam wa Pakistani, aliyelelewa katika jumuiya ya Ahmadiyya, aligawana Tuzo ya Nobel ya 1979 na Sheldon Glashow na Steven Weinberg kwa nadharia inayounganisha kani ya sumakuumeme na kani dhaifu ya nyuklia. Katika karamu ya tuzo alisoma aya za Surat al-Mulk, zile zinazomwambia mtu arudishe macho yake tena na tena aone kama kuna kasoro katika uumbaji. Alisema wazi kwamba imani yake katika Mungu mmoja ilimvuta kutafuta umoja katika maumbile. Weinberg, mwenzake katika tuzo ile, hakuamini Mungu na hakuficha. Wawili hao, kila mmoja kwa njia yake, walifikia milinganyo ileile. Na mwaka 1983 mitambo ya CERN ilipogundua chembe za W na Z zilizotabiriwa, haikuuliza nani alisali na nani hakusali. Imani ya Salam ilikuwa mafuta ya taa yake. Hakuileta maabara kama ushahidi, na kwa hiyo maabara haikuwa na uwezo wa kumpokonya.

Si kila harakati imejadiliana na sayansi kwa namna ya TM. Mwaka 1987, huko Dharamsala, Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, alianza mfululizo wa mazungumzo na wanasayansi, akishirikiana na Francisco Varela, mwanabiolojia wa Chile, na mfanyabiashara Adam Engle. Katika kitabu chake cha 2005 Dalai Lama aliandika kwamba sayansi ikithibitisha bila shaka kuwa jambo fulani katika Ubudha ni la uongo, Ubudha utakubali na kuliacha. Watu wengi hulinukuu hilo kwa furaha. Wachache huongeza tofauti aliyoiweka yeye mwenyewe: kutokiona kitu si sawa na kuonyesha kwamba hakipo. Kwa upambanuzi huo ameiachia sayansi ramani za kale za ulimwengu, pamoja na ule mlima ulioaminiwa kuwa katikati ya dunia, lakini kuzaliwa upya kumebaki upande wake wa mpaka, kwa kuwa hakuna kipimo kinachoweza kukifikia. Ni mpaka uliochorwa kwa akili nyingi. Alipoalikwa mwaka 2005 kuhutubia mkutano mkuu wa wanasayansi wa ubongo mjini Washington, mamia ya watafiti walitia saini kupinga. Nao walikuwa wakichora mpaka.

Jon Kabat-Zinn, mwenye udaktari wa biolojia ya molekuli, alichukua njia ya tatu. Mwaka 1979 alianzisha katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts kozi kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Alichukua taamuli ya Kibudha akaivua sanamu, udi na majina. Hospitali zilifungua milango, na tafiti zikaongezeka. Uchambuzi wa 2014 uliokusanya majaribio 47 na washiriki 3,515 ulikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu, bila kuonyesha kwamba ni bora kuliko dawa au mazoezi. Baadhi ya Wabudha wanalalamika kwamba njia ya ukombozi imegeuzwa dawa ya kupunguza msongo wa mawazo. Nawaelewa. Aliyepita mlango huo alilazimika kuacha mizigo nje.

Na sisi tuliwahi kuona kinyume cha yote haya. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, na foleni za magari zikawa ndefu kiasi cha serikali kuingilia kupanga safari. Babu, kama watu walivyomwita, hakuitafuta sayansi. Sayansi ndiyo iliyomfuata, wataalamu wa serikali wakichunguza mugariga, mti uliotoa dawa hiyo, kama una sumu au manufaa. Ila Babu alikuwa amekwisha kusema kwamba dawa ile inaponya kwa neno la Mungu, na kwamba haifanyi kazi ikitolewa kwa mkono wa mtu mwingine. Kwa sentensi hiyo alikuwa ameuweka mti nje ya maabara hata kabla haujafika. Shida ilikuja kwa wagonjwa walioacha dawa zao za VVU na kisukari wakiamini kwamba wamepona. Kupona ni dai linalopimika katika damu, haidhuru limetoka kinywa gani. Dai likigusa mwili wa mgonjwa, hakuna mpaka wa kujifichia, na kwa hili sitaki kulegeza neno.

Sasa turudi New Jersey. Majaji hawakujaribu kuamua kama TM inashusha presha. Hilo halikuwa swali lao. Walisoma kitabu cha kozi, wakasoma tafsiri ya wimbo wa Kisanskriti, wakaona kwamba akili bunifu iliyofundishwa darasani imeelezwa kwa sifa za kitu kisicho na mwisho, kilicho chanzo cha uhai wote, na kwamba wimbo ule unamwelekea mwalimu aliyefariki kwa maneno wanayoelekezwa miungu. Kuliita jambo hilo sayansi, walisema kwa ufupi, hakuliondolei sura yake ya dini. Somo likaondolewa katika shule za umma. Mvutano haukuisha: mwaka 2020 kesi nyingine ilifunguliwa Chicago kuhusu programu ya taamuli mashuleni, na kwa mara nyingine wanafunzi walisimulia juu ya picha, matunda na wimbo wasioujua maana.

Nimekuwa nikiyafikiria haya tangu nilipokaa kwa shangazi yangu Tanga mwezi mzima. Ana presha ya miaka mingi. Kila baada ya Alfajiri hubaki kwenye mswala akivuta tasbihi, sauti haitoki, midomo tu inacheza, dakika ishirini au zaidi. Akimaliza hunywa maji na kumeza vidonge vyake viwili, vile alivyopewa kliniki. Siku moja nilikuwa nimetoka kusoma habari za Benson, nikaleta mashine ya mkononi, nikamwomba nimpime kabla na baada ya uradi. Alikubali kwa kuwa ananipenda. Kabla ilikuwa 158 kwa 94. Baada, 149 kwa 90.

Nikamwonyesha kwa furaha. “Shangazi, umeona? Uradi umeshusha!”

Akaiangalia ile namba, akaniangalia mimi. “Alhamdulillahi,” akasema. “Na kesho isiposhuka, mwanangu, unataka niache?”

Sikumpima tena. Alinyoosha mkono akachukua vidonge.